GAZETI KWAPANI, CHEO KICHWANI: NANI ANAHESABIWA MSOMAJI?



Ndugu zangu katika imani, hapa kwetu Kizota simama asubuhi kwa muuza magazeti. Wengi husoma vichwa vya habari kwa macho kisha huondoka. Mmoja atanunua la Kiingereza, alikunje kwapani jina likionekana. Mwingine atanunua la udaku, alifiche ndani ya jingine. Wote wawili wanawaza jambo moja: watu wataniweka daraja gani? Jambo hili lina historia, na historia hiyo inatugusa.

1. HERUFI ZILIZOSHUSHA WATU

Kabla ya ukoloni, Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, hati za biashara, tenzi. Wajerumani walipoingia, mwanzoni waliwatumia waandishi hao hao. Baadaye serikali ikashika herufi za Kilatini, na mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Tanga ikachapa gazeti la Kiongozi kwa herufi hizo. Lilisomwa na walimu, makarani na watumishi wa serikali.

Tazama kilichotokea. Mzee aliyejifunza kusoma chuoni tangu utotoni akawa, machoni pa ofisi, mtu asiyejua kusoma. Elimu yake haikupungua hata herufi moja. Kilichopungua ni cheo.

2. NCHI MOJA, NGAZI MBILI

Januari 1923, chini ya Waingereza, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la kila mwezi. Mwaka 1930 likaja Tanganyika Standard kwa Kiingereza, gazeti la Wazungu na wachache waliosoma lugha yao. Ukimwona mtu na gazeti, umeshajua anakaa ngazi gani.

Lakini watu hawakukubali kubaki pale walipowekwa. Mambo Leo lilisomwa kwa sauti: mmoja anasoma, wengine wanasikiliza na kujadili. Wasomaji walituma barua na mashairi. Shaaban Robert, karani wa forodha, alikuwa miongoni mwa washairi wake. Na mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka Dar es Salaam aliyetokea Uganda, akaanzisha Kwetu, gazeti lililomilikiwa na Mwafrika mwenyewe. Hakungoja serikali impe ruhusa ya kuitwa msomi.

3. MWANACHUONI ALIYESHUKA KWA WATU

Mombasa alikuwepo Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtu wa nasaba na elimu kama yake angeweza kuandika Kiarabu tu, asomwe na wanazuoni wenzake. Yeye alitoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, akawasemesha watu wa kawaida kwa Kiswahili. Cheo chake alikifanya daraja la kuwavusha watu.

4. BAADA YA UHURU

Miaka ya 1970 kampeni za elimu ya watu wazima ziliwafungulia wengi mlango wa kusoma. Lakini ngazi haikuvunjika. Kuanzia 1972 serikali ilikuwa na Daily News kwa Kiingereza, chama kilikuwa na Uhuru kwa Kiswahili. Mkoloni kaondoka, ila mpaka leo kuna anayedhani habari ikiandikwa Kiingereza ndiyo ya kweli zaidi.

5. MAZINGATIO

Katika Surat ‘Abasa, Allah anamkumbusha Mtume wake ﷺ juu ya kipofu, Ibn Ummi Maktum, aliyekuja kutafuta elimu wakati Mtume ﷺ akizungumza na wakubwa wa Kiquraysh. Kipofu asiyeweza kusoma karatasi alikuwa na haki ya elimu kabla ya wakubwa waliojiona wamejitosheleza.

Na Surat al-Hujurat imetupa kipimo cha habari: akija fasiki na habari, tuihakiki. Hatukuambiwa tuulize imeandikwa kwa lugha gani, wala nani huisoma. Udaku unaovunja heshima ya Muislamu ni haramu hata ukiandikwa kwa Kiingereza safi. Ukweli ni ukweli hata ukiwa kwenye gazeti lililofungiwa maandazi.

Basi ndugu yangu, bibi yako anayesoma msahafu na hajui A wala B, usimwambie mtu kuwa hajui kusoma. Kijana wa bodaboda anayesikiliza magazeti yakisomwa redioni, usimcheke. Na wewe mwenye gazeti au bando, wasomee walio karibu yako. Wazee wetu walifanya hivyo na nakala moja tu.

Allah atupe elimu yenye manufaa na atuepushe na kibri. Aamiin.

Wallaahu a‘lam.