Lenzi Zidifu: Istilahi na Haki ya Kurudishiwa Pesa

Lenzi zidifu ni lenzi ya miwani ambayo nguvu yake huongezeka polepole kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu huonea mbali, ya kati huonea umbali wa mkono, na ya chini husomea. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1959 kwa jina la Varilux, kazi ya mhandisi Bernard Maitenaz. Haina mstari unaoonekana kama ule wa bifoka, yaani lenzi yenye sehemu mbili tu, ya kuonea mbali na ya kusomea.

Kiswahili kimeshapewa tafsiri tatu za lenzi hii, na zote zina kasoro. "Lenzi endelevu" haifai, kwa kuwa endelevu ni neno la maendeleo na mazingira, na msomaji hudhani lenzi hiyo haichakai. "Lenzi ya fokasi nyingi" huikumbatia bifoka pia, hivyo haitenganishi chochote. "Lenzi badilifu" ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Mkazi wa Kambu, mji ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, akiagiza "miwani inayobadilika", anaweza kuletewa lenzi zinazogeuka nyeusi juani. Lenzi hizo hazina hitilafu, na muuzaji hupata hoja ya kukataa kurudisha pesa. Lawama ni ya kamati zinazopitisha istilahi bila kuuliza dukani neno hilo tayari linatumika kwa kitu gani.

Zidifu haina mgongano huo. Kitenzi zidi kimetoka Kiarabu, kikiwa na maana ya kuongezeka, na ukoo wake ni mpana: zaidi, ziada, zidisha. Kiambishi -fu ni cha Kibantu na huunda sifa ya kudumu kutokana na tendo. Wapo wanaoshikilia kwamba kiambishi hicho hakiungani na mzizi wa Kiarabu. Dai hilo halina msingi: tii imezaa tiifu, badili imezaa badilifu, sahau imezaa sahaulifu. Haieleweki kwa nini walioikubali badilifu kwa kanuni hiyo waikatae zidifu kwa kanuni hiyohiyo.

Mzizi huu una faida nyingine. Cheti cha macho huonyesha nguvu inayoongezwa kwa ajili ya kusoma, kwa mfano +2.00. Tarakimu hiyo inastahili kuitwa zidio, kama kadiri ilivyozaa kadirio. Lenzi na kipimo chake hubaki ukoo mmoja, jambo ambalo hakuna tafsiri pinzani inayolitimiza.

Usahihi huu ndio huamua madai ya mnunuzi asiyeridhika. Kila lenzi zidifu ina ukungu pembeni. Mwaka 1963 Günter Minkwitz alionyesha kihisabati kwamba nguvu ikiongezeka kando ya mstari wa kati, upotofu wa taswira hukua pembeni kwa kasi maradufu. Kwa hiyo ukungu wa pembeni peke yake si kasoro, na macho huhitaji siku kadhaa kuuzoea. Kasoro ni zidio lisilolingana na cheti, au lenzi iliyokatwa bila kupima vizuri umbali wa mboni na kimo chake ndani ya fremu. Zidio hukaguliwa kwa urahisi: lenzi ikipuliziwa pumzi, alama mbili ndogo zilizochongwa hujitokeza kwenye mvuke, zikiwa zimeachana milimita 34, na chini ya ile iliyo upande wa sikio huandikwa zidio.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ifae kwa matumizi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji huku akitegemea ujuzi wake. Fidia hulipia hasara, ilhali marejesho ni bei yenyewe kurudi kwa aliyeilipa. Kuyaita yote fidia, kama baadhi ya wafasiri wanavyofanya, humfanya mnunuzi adai kimoja akikusudia kingine.

Kwa matumizi ya kila siku, risiti iandikwe "lenzi zidifu, zidio 2.00", pamoja na muda wa kuzirudisha, kabla ya pesa kulipwa.