Karafuu Mdomoni Mbele ya Kaizari

Kuna watu mtandaoni wanasema hofu ya kunuka mdomo ni biashara tu, ati tulikuwa tumetulia mpaka matangazo ya Listerine ya miaka ya 1920 yakatufunza aibu. Nusu ni kweli. Hayo matangazo yalitisha watu vibaya. Lakini aibu yenyewe ni mzee. China ilikuwa nayo zaidi ya miaka 1,700 kabla.

Enzi ya Han, maofisa wa ikulu walikuwa na sheria: ukienda kumripotia kaizari, unaweka karafuu mdomoni. Waliiita "ulimi wa kuku" kwa sababu ya umbo lake. Ndiyo, karafuu hii hii ya pilau. Wakati huo ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Zanzibar iliipata baadaye sana, karne ya 19.

Sasa sikia hii. Kaizari Huan, aliyetawala mwaka 146 hadi 168, alikuwa na ofisa mzee aliyenuka mdomo. Siku moja akampa karafuu aiweke mdomoni. Hakumweleza chochote. Mzee akaonja, ikamwasha, akajua basi, amepewa sumu. Akaenda nyumbani kuaga familia. Watu wakalia. Wenzake walipoomba waione hiyo sumu, walicheka.

Inachekesha, lakini hebu iangalie tena. Mzee aliona ni rahisi zaidi kwamba bosi anataka kumuua kuliko kwamba anamsaidia. Na hakuna mahali hadithi inauliza kama mdomo wa kaizari ulinuka. Aliye chini ndiye anatakiwa kunukia. Hapo ndipo naona hiyo karafuu haikuwa dawa. Ilikuwa adabu ya kuogopa mkubwa.

Dawa ilikuja kwa watu kama Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7. Aliandika vidonge vya kunyonya vyenye karafuu, sawa, lakini pia aliandika kitu ambacho hata asiye na pesa angeweza: kila asubuhi, chumvi kidogo mdomoni, maji ya uvuguvugu, sugua meno, kisha yagonganishe mara mia. Hapo hakuna kaizari. Ni wewe na mdomo wako.

Na karafuu si uongo. Ina mafuta yanayoitwa yujenoli, ambayo kweli yanaua bakteria na kutuliza jino, ndiyo maana shosho anakuambia uibane kwa jino linalouma. Lakini haiwezi kuziba jino lililotoboka wala kutoa uchafu uliojificha chini ya fizi.

Kwa hivyo ukiuziwa "siri ya Wachina" kwa chupa, jiulize unachonunua ni afya ama ni ruhusa ya kusimama mbele ya wakubwa. Sukutua, piga mswaki hadi ulimi, na harufu ikikataa kuisha, muone daktari wa meno. Yeye hatakupa kitu bila kukueleza.