Imetoka Sevisi Jana, Mbona Imekufa Leo? Historia Fupi ya Matengenezo ya Mitambo

Najua wengi wenu huja hapa kutafuta mambo ya programu na seva, lakini leo naomba tuchafue mikono kwa grisi kidogo. Kuna kisa kilinipata kazini miaka michache iliyopita na mpaka leo kinanisumbua.

Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa na jenereta ya dizeli nyuma ya jengo. Kila baada ya miezi mitatu fundi alikuja kuifanyia sevisi. Ijumaa moja alikuja kama kawaida, akabadilisha oili na filta, akasafisha betri, akaleta daftari nikatia sahihi kwamba kazi imefanyika. Jumatatu, saa nne asubuhi, stima ikapotea. UPS zikashikilia kwa muda, jenereta ikakataa kuwaka, na seva zikazimika moja baada ya nyingine. Bosi alikuwa akirudia jambo moja tu: "Lakini si imefanyiwa sevisi Ijumaa!" Tulipokagua tukakuta waya wa betri haukukazwa. Fundi akapoteza kazi hiyo siku hiyo hiyo.

Mimi pia nilimlaumu. Baadaye nilipoanza kusoma historia ya matengenezo viwandani, niligundua kwamba yaliyotupata yalishachunguzwa na wanasayansi wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na kwamba lawama ile haikustahili kumwangukia fundi peke yake. Hebu tuanze mwanzo.

Enzi za boila

Viwanda vya kwanza vilitumia kanuni rahisi: kikiharibika, kitengeneze. Kwa mashine ya kusokota nyuzi, kanuni hiyo haina shida kubwa. Kwa boila ya mvuke ni kifo. Tarehe 20 Machi 1905, boila ya kiwanda cha viatu cha Grover huko Brockton, jimbo la Massachusetts, Marekani, ililipuka. Jengo likaporomoka, moto ukashika, na watu 58 wakafa. Mwaka wa 1907 Massachusetts ikatunga sheria ya boila, na chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kikatoa kanuni zake za kwanza za boila katika toleo la mwaka wa 1914.

Kanuni hizo ziliokoa maisha ya watu wengi. Wakati huo huo wazo moja likakita mizizi viwandani: usingoje kitu kiharibike. Weka kalenda, na siku ikifika, fungua, kagua, badilisha, funga. Kadiri unavyofungua mara nyingi ndivyo ulivyo salama zaidi. Nani angebisha? Hata mimi nilivyotia sahihi lile daftari niliamini hivyo.

Mwanabiolojia aliyebisha

Vitani, kikosi cha Coastal Command cha jeshi la anga la Uingereza kilikuwa na kazi ya kuwinda nyambizi za Ujerumani katika bahari ya Atlantiki. Ndege zilikuwa chache, na nyingi kati yake zilikuwa zimelala karakana zikingoja matengenezo. Kikosi hicho kilikuwa na jopo la wanasayansi la kusaidia maamuzi, na mmoja wao alikuwa C. H. Waddington. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanabiolojia, mtaalamu wa ukuaji wa viinitete!

Ndege hizo zilifanyiwa ukaguzi kila baada ya saa 50 za kuruka. Jopo lilichukua takwimu za hitilafu zilizojitokeza nje ya ratiba, likazipanga kulingana na saa zilizopita tangu ukaguzi wa mwisho. Fikiria mwenyewe mchoro ungepaswa kuwaje. Kama ukaguzi unasaidia, hitilafu zinapaswa kuwa chache mara tu baada ya ukaguzi, halafu ziongezeke pole pole hadi ukaguzi unaofuata.

Mchoro ulitoka kinyume kabisa. Hitilafu zilikuwa nyingi zaidi mara tu baada ya ukaguzi, halafu zikapungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Ndege ikikaribia saa 50 ilikuwa imetulia. Kisha inaingizwa karakana, inafunguliwa, na matatizo yanaanza upya. Maelezo yao yalikuwa kwamba ukaguzi ulikuwa ukivuruga vitu vilivyokuwa vikifanya kazi vizuri. Mipango ya matengenezo ikabadilishwa, ukaguzi usio na faida ukapunguzwa, na ndege zikapata saa nyingi zaidi za kuruka bila ndege mpya hata moja kununuliwa.

Kitabu cha Waddington kuhusu kazi hiyo kilichapishwa mwaka wa 1973, karibu miaka thelathini baada ya vita. Bahati nzuri ni kwamba wenye mashirika ya ndege hawakukingoja. Walifika mahali pale pale kwa njia yao wenyewe.

Beseni lililovunjika

Wale mliosoma uhandisi mtakumbuka mchoro wenye umbo la beseni la kuogea. Unasema kwamba kifaa kipya huharibika sana utotoni, kisha hutulia kwa muda mrefu, halafu uzee ukifika hitilafu hupanda tena. Kwa hiyo kazi ya mwenye mtambo ni kujua uzee huanza lini, akaufungua na kubadilisha sehemu kabla ya siku hiyo.

Kufikia mwaka wa 1960 mamlaka ya anga ya Marekani ilikuwa na tatizo. Kulikuwa na aina za injini ambazo hata muda wa kuzifungua ulivyobadilishwa, hitilafu hazikupungua. Jopo la serikali na mashirika ya ndege likaundwa kuchunguza. Mwaka wa 1968, ndege kubwa ya Boeing 747 ilipokuwa ikiandaliwa, mbinu mpya ya kupanga matengenezo iliyoitwa MSG-1 ilitumika juu yake. Mwaka wa 1970 ikafuata MSG-2, iliyotumika kwa ndege kama DC-10.

Mnamo Desemba 1978, wafanyakazi wawili wa United Airlines, F. Stanley Nowlan na Howard F. Heap, walikamilisha ripoti waliyoiandikia wizara ya ulinzi ya Marekani. Jina la ripoti likawa jina la fani nzima, ambayo leo hujulikana kwa herufi tatu tu: RCM. Maana yake ni matengenezo yanayolenga kifaa kiendelee kutegemewa, badala ya kulenga kalenda.

Tuangalie takwimu zao, maana hapa ndipo penye utamu. Walichunguza jinsi sehemu za ndege zinavyoharibika kulingana na umri, wakapata mikondo sita:

- Asilimia 4 tu ndizo zilizofuata umbo la beseni.
- Asilimia 2 zilitulia, kisha zikafikia uzee wa wazi.
- Asilimia 5 zilichakaa pole pole bila kuwa na siku maalumu ya uzee.
- Asilimia 7 zilianza salama, zikapanda kidogo, kisha zikabaki sawa.
- Asilimia 14 ziliharibika bila mpangilio wowote wa umri.
- Asilimia 68 ziliharibika zaidi zikiwa mpya, kisha zikatulia moja kwa moja.

Jumlisha tatu za mwisho: asilimia 89 ya sehemu hazikuwa na uzee wa kutabirika. Ukizibadilisha kwa kalenda hupati chochote. Kwa ile asilimia 68 ni vibaya zaidi, kwa sababu unatoa kifaa kilichoshavuka utoto wake, unaweka kichanga kingine.

Matokeo yalionekana. Mpango wa zamani wa ndege ya DC-8 ulitaka vifaa 339 vifunguliwe na kufanyiwa ukarabati kamili kwa ratiba. Mpango wa DC-10, ndege kubwa kuliko hiyo, ulitaka 7. Kwa ukaguzi mkubwa wa mwili wa ndege, United ilitumia saa 66,000 za kazi za mafundi kwa 747 kabla ya kufikia kipindi cha msingi cha saa 20,000 za kuruka. Kufikia kipindi hicho hicho kwa DC-8 kulihitaji zaidi ya saa milioni 4.

Tahadhari: usiende kumwambia mtu kwamba nimesema usibadilishe oili! Tairi, breki, mikanda na vyote vinavyosuguana vina uzee wa kweli, na vinataka ratiba. Hoja ya Nowlan na Heap ni kwamba lazima ujue kifaa chako ni cha mkondo gani, na kwamba vingi hufaa kuangaliwa dalili zake, yaani joto, mtikisiko, vumbi la chuma ndani ya oili, kuliko kufunguliwa tu kwa sababu mwezi umeisha.

Karakana inapoua

Miezi michache baada ya ripoti hiyo likatokea jambo la kusikitisha. Tarehe 25 Mei 1979, ndege ya DC-10 ya American Airlines, safari namba 191, ilipaa kutoka uwanja wa O'Hare, Chicago. Injini ya bawa la kushoto ikang'oka pamoja na nguzo inayoishikilia. Ndege ikaanguka na watu 273 wakafa, wawili kati yao wakiwa chini. Uchunguzi ulionyesha kwamba nguzo hiyo iliumizwa karakana majuma machache kabla. Mafundi walikuwa wakitoa injini na nguzo yake kwa pamoja wakitumia mashine ya foklifti, njia iliyookoa saa nyingi za kazi. Chuma kikapata ufa ambao hakuna aliyeuona.

Miaka tisa baadaye, tarehe 6 Julai 1988, ikawa zamu ya mtambo wa mafuta wa Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, Uingereza. Pampu mbili zilifanya kazi moja. Mchana huo, vali ya usalama ya pampu A ilitolewa ili ikaguliwe, na mahali pake pakafunikwa kwa kifuniko cha muda. Kazi haikuisha kabla ya zamu kubadilishana. Usiku pampu B ikazima. Wa zamu ya usiku walijua kwamba pampu A ilipangiwa matengenezo ambayo hayajaanza, lakini habari ya vali haikuwafikia, kwa kuwa ilikuwa kwenye kibali kingine cha kazi. Wakaiwasha. Gesi ikavuja na mlipuko ukatokea. Pampu za maji ya kuzima moto, zinazoendeshwa kwa dizeli, zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono tu ili zisiwavute wapiga mbizi waliokuwa majini, na hakuna aliyeweza kuzifikia. Watu 167 walikufa.

Lord Cullen aliongoza uchunguzi na mwaka wa 1990 akatoa mapendekezo 106. Kubwa lilikuwa kwamba mwenye mtambo athibitishe mwenyewe, kwa maandishi, kwamba amezitambua hatari zake na jinsi anavyozidhibiti. Kujaza fomu za mkaguzi pekee hakutoshi tena.

Kurudi kwa jenereta yetu

Katika RCM kuna hitilafu zinazoitwa fiche. Gari likipata pancha utajua papo hapo. Lakini jenereta ya dharura, king'ora cha moto au pampu ya kuzima moto vinaweza kufa na kukaa vimekufa miezi mingi bila mtu kujua, mpaka siku vinapohitajika. Kwa vifaa hivi, dawa ya kwanza ni kuvijaribu: uwashe, uutwike mzigo, uone kama unabeba.

Sisi tulikuwa na ratiba ya oili. Ratiba ya kujaribu hatukuwa nayo. Fundi alipomaliza Ijumaa ile, hakuna aliyesema "hebu iwashe tuone", kwa kuwa ingepiga kelele na watu walikuwa kwenye mkutano. Kuwasha kungechukua dakika mbili, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kalamu. Yule mzee aliacha waya, ni kweli, lakini binadamu ataacha waya siku moja tu. Mfumo mzuri ni ule unaotarajia hivyo.

Na sisi watu wa programu tusijione tuko mbali. Programu haichakai hata siku moja, na huharibika zaidi siku imeguswa. Ni ule mkondo wa asilimia 68. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kasoro la programu yake ya ulinzi, na kompyuta za Windows zinazokadiriwa kuwa milioni 8.5 zikaanguka duniani kote. Kilichowekwa kulinda ndicho kilichoangusha, kama ukaguzi wa saa 50.

Siku hizi, kila tunapobadilisha kitu kwenye seva, nina sheria tatu. Tusiguse bila sababu. Tukigusa, tujaribu kabla hatujaondoka. Na aliyegusa amwambie anayeingia zamu, kwa mdomo na kwa maandishi. Nakala rudufu za data nazo tunazirejesha mara moja kwa mwezi kuona kama zinafunguka, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni jenereta ambayo haijawahi kuwashwa.

Kama pale kwenu kuna jenereta nyuma ya jengo, kesho asubuhi muulize anayeitunza iliwashwa lini mara ya mwisho ikiwa na mzigo. Akianza kukuonyesha tarehe za sevisi, muulize tena.

Tuonane wakati mwingine, na stima zisipotee.