Aljebra Ilianza kwa Maneno



Wengi wetu tuliosoma hapa Kigera tunaikumbuka siku herufi x ilipoandikwa ubaoni. Mimi niliinakili vizuri daftarini, wala sikuthubutu kuuliza ni kitu gani. Nilidhani aljebra ni ya watu waliozaliwa nayo. Historia yake inaonyesha kuwa sivyo.

Jina hilo limetoka katika kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. "Al-jabr" ni kurudishia kilichopungua, kama mtu aungavyo mfupa uliovunjika. Mwenyewe alisema anawaandikia wanaogawana mirathi, wanaofanya biashara na wanaopima ardhi. Humo hamna x hata moja. Hata namba aliziandika kwa maneno.

Tazama swali lake mashuhuri: eneo la mraba, ukijumlisha na mara 10 ya upande wake, ni 39. Upande ni ngapi? Chora mraba mchangani. Ile 10 igawe nusu: ongeza mstatili wenye upana wa 5 kuliani, na mwingine chini. Kwenye kona litabaki pengo la 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe. 39 na 25 ni 64, mraba wenye upande wa 8. Toa 5, jibu ni 3.

Utaratibu wa kutumia herufi kwa vinavyojulikana na visivyojulikana uliwekwa na Mfaransa François Viète mwaka 1591, zaidi ya miaka 700 baadaye.

Afrika Mashariki iliwahi kujaribu kuanzia juu. Tangu mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe, Uganda, wakatunga vitabu vya hisabati ya kisasa vilivyotanguliza seti. Tanzania nayo ilivitumia. Hisabati hiyo haikudumu. Kenya iliifuta mwaka 1981.

Kwetu lipo na jambo la lugha. Watoto wengi husoma hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha kwa Kiingereza sekondari. Hivyo Kidato cha Kwanza hupambana na herufi na lugha kwa mkupuo.

Basi wadogo zetu, kabla ya kuandika x, lisemeni swali kwa Kiswahili, au kwa Kijita, kisha lichoreni. Herufi ije mwisho. Na wahitimu wenzangu, tukija shuleni, tuwaulize wanatafuta nini kabla ya kuwauliza wamepata ngapi.