Ukoo Mpya wa Kisauni na Rabai

Mtu aliyetekwa na kuuzwa alinyang'anywa vitu viwili kwa pamoja: uhuru wake na ukoo wake. Uhuru uliweza kurudi kwa siku moja, manowari ya Waingereza ilipolikamata jahazi baharini. Ukoo haukurudi hivyo. Mtoto wa Kiyao aliyeteremshwa Mombasa hakuijua njia ya kwao. Na hata kama angeijua, nani angemhakikishia kwamba hatakamatwa tena njiani? Alikuwa huru, wala hakuwa wa mtu ye yote. Katika nchi ambako mtu hujulikana kwa baba yake, mjomba wake na kaburi la babu yake, uhuru wa namna hiyo ulikaribia kuwa msiba wa pili.

Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Miaka miwili baadaye chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kilipata ardhi Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwaweka waliookolewa. Kijiji kikaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyetumwa Unguja kuudai mkataba ule. Wakaaji wake walitoka makabila mengi, na Kiswahili ndicho kilichowawezesha kusalimiana. Walipewa viwanja, mashamba na shule, lakini shamba halimfanyi mtu kuwa ndugu wa jirani yake. Udugu ulianzia kanisani. Ubatizo ulimpa mtu jina na wadhamini wa kulishuhudia; ndoa ilifungwa mbele ya mkutano uliokuwa na haki ya kuikataa; na mzee asiye na mtoto alipata watu wa kumchimbia kaburi. Mambo haya ni madogo machoni pa mtu aliyezaliwa nayo. Kwa asiye nayo ni maisha yenyewe.

Haifai kukipamba kijiji hicho kupita kiasi. Mapema katika miaka ya 1880 adhabu zilizotolewa huko zilikuwa kali mno, hata wakubwa wa Kiingereza wakalazimika kuzichunguza. Waliotoroka viboko vya mabwana walikuta viboko vingine vinawangoja. Ajabu ni kwamba jumuiya haikuvunjika. Na sababu, kwa kadiri iwezavyo kupimwa, ni kuwa haikuwa mali ya msimamizi, bali ya wale waliokaa pamoja kanisani.

Jambo hilo lilidhihirika zaidi Rabai, mahali walipotua Krapf na Rebmann mwaka 1846. Huko alitumika William Jones, Mwafrika aliyeuzwa utotoni, akalelewa na misheni Bara Hindi, akarudi pwani mwaka 1864, na kufanywa shemasi mwaka 1885. Watoro kutoka mashamba ya pwani walikuwa wakiingia Rabai kidogo kidogo, wakijenga vibanda na kuhudhuria ibada. Misheni haikuwa na ruhusa ya kuwahifadhi. Lakini mtu akiisha kuketi nawe katika sala mwaka mzima, ni vigumu kumwita mali ya mwingine. Mwaka 1888 wenye watumwa waliwadai kwa hasira, na vita vilikaribia. George Mackenzie, wakili wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliona heri kulipa fidia kuliko kupigana. Watoro wapatao 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni walikombolewa, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai.

Fidia hiyo yaweza kusifiwa kwa busara ya kampuni, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini fedha zilifuata jambo lililokwisha kutendeka. Kabla ya hati kuandikwa, watu wale walikuwa wamekwisha kuhesabiwa miongoni mwa wenzao.

Siku hizi husikika sana neno kwamba Mkristo aweza kusali nyumbani mwake peke yake, wala Mungu hamkatai. Neno hilo ni kweli. Sala ya mtoro msituni ilikuwa halali kama ya askofu. Ila msituni hakuna wa kuuliza alikokwenda asipoonekana Jumapili, na swali hilo ndilo lililomlinda Rabai kuliko ukuta wo wote.

Watoto wa Freretown walikuwa walimu, makarani na wachungaji. Mmoja wao, James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyeokolewa, aliandika habari za wazee wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934. Kengele ya kijiji, ambayo husimuliwa kwamba iliwekwa ili kuwaonya watu wavamizi wajapo, ingali imesimama kando ya barabara kuu. Mahali hapo paitwa Kengeleni, hata na wapitao wasiojua ilikuwa ikimwita nani.