Ndani, nje na bei ya mwisho

Kusini-magharibi mwa mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, kuna hoteli ambayo vibao vyake vinasema Kiswahili. Jengo lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2001 na leo linaitwa Jambo House. La pili, Kidani Village, lilifuata mwaka 2009. Mikahawa yake ni Boma, Jiko, Sanaa na Mara. Bwawa moja la kuogelea linaitwa Uzima, jingine Samawati, na watoto wadogo wana mahali pao pa kurushiana maji panapoitwa Uwanja. Chini ya madirisha wanatembea twiga na pundamilia, na hata malisho yao yamepewa majina: Arusha, Uzima, Pembe. Hiyo ni Disney's Animal Kingdom Lodge, moja ya hoteli za Walt Disney World. Katika bustani jirani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, neno la Wakenya lililopungua herufi moja safarini.

Mpenda maneno hawezi kupita hapo bila kusimama. Samawati, neno ambalo mijini tumeliacha tukabaki na bluu, linasomwa kila siku kando ya bwawa la Marekani. Kidani, pambo la shingoni la bibi zetu, limekuwa jina la jengo zima. Lakini ukifika kwenye bei, Kiswahili kinanyamaza. Chumba kinachotazama malisho ya Arusha kina bei yake na kinachotazama bwawa kina bei yake, na maneno yote ya daraja, punguzo na makato ni ya Kiingereza. Jiko tumepewa, risiti hatukupewa.

Wanaoisoma risiti hiyo kwa Kiswahili wapo. Ni familia za Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi zinazoishi Marekani na Kanada, zenye watoto walioanza kuomba kupelekwa Disney tangu chekechea. Wazazi hupigiana simu na swali ni lilelile: tulale ndani au tulale nje? Naona tuna maneno ya kutosha kulijibu vizuri, ila hatujayapanga.

Tuanze na jina la mahali penyewe. Wengine huandika bustani ya burudani, wengine hifadhi ya burudani, na hilo la pili linanikera kwa sababu hifadhi ni pahala pa kulinda, iwe Serengeti au Jozani. Wazanzibari walikwisha kulimaliza suala hili. Unguja kuna kiwanja cha kufurahishia watoto pale Kariakoo, na Pemba kuna cha Tibirinzi. Kiwanja cha kufurahishia ni jina refu, lakini linasema kazi ya mahali bila kuazima chochote. Nitaendelea kutumia bustani kwa kuwa ndilo lililozoeleka, nikijua lililo bora liko Zanzibar.

Sasa ndani na nje. Watu wa utalii Arusha wanayajua maneno haya barabara: mgeni analala ndani ya hifadhi au analala nje. Akilala Seronera, ndani ya Serengeti, yumo; akilala Robanda, ng'ambo ya lango la Ikoma, hayumo, na asubuhi atasubiri lango. Mpaka upo na unaonekana. Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, ina eneo la takriban kilomita za mraba 100, bustani nne kubwa na hoteli zaidi ya 20 zilizotawanyika humo. Hapo neno ndani peke yake halitoshi, na ndipo sarufi yetu inapotuokoa, maana Kiswahili kina mahali pa aina tatu. Hoteli inaweza kuwapo, kuwako au kuwamo. Po ni mahali dhahiri, unapoweza kupanyoshea kidole. Ko ni upande tu, huko huko. Mo ni ndani ya kitu chenye mipaka.

Pima hoteli za Orlando kwa viambishi hivyo. Hoteli za All-Star ni mali ya Disney, zimo. Lakini hakuna bustani hata moja unayoweza kuifikia kwa miguu kutoka hapo. Utapanda basi la kampuni. Zimo, hazipo. Swan na Dolphin, zilizofunguliwa mwaka 1990, zimejengwa kwenye ardhi ya Disney na unatembea kwa miguu hadi bustani ya EPCOT, lakini si hoteli za Disney, na zina makato yao wenyewe. Zipo, na kuwamo kwake ni kwa nusu. Kuna pia Bonnet Creek, kipande cha ardhi kilichozungukwa karibu pande zote na ardhi ya Disney, chenye hoteli za makampuni mengine. Na kuna zile za barabara ya 192 upande wa Kissimmee, ambazo baadhi yake ziko karibu zaidi na Animal Kingdom kuliko hoteli za Disney zilizo upande wa bustani ya Magic Kingdom. Hizo hazimo kabisa, ila kwa anayeendesha gari zipo zaidi ya zile zilizomo.

Kwa hiyo mzazi anayeuliza kama hoteli imo, asidhani ameuliza umbali. Ameuliza umiliki, na umiliki ndio mara nyingi unaoleta haki za ziada. Haki hizo zina jina lake kwetu, jina ambalo kila mfanyakazi wa serikali analijua: marupurupu. Mkaaji wa hoteli za Disney huingia bustanini dakika 30 kabla ya wengine. Akitaka kulipia njia ya kukwepa foleni, ile iitwayo Lightning Lane, anaruhusiwa kuchagua nafasi siku 7 kabla ya kufika, wakati anayelala nje anasubiri hadi siku 3 kabla. Utaratibu huo ulianza Julai 2024. Akienda bustanini na gari lake, halipii maegesho, ilhali wa nje anatoa dola 30 au zaidi kila siku. Wanaolala kwenye hoteli za daraja la juu kabisa huongezewa saa za usiku katika baadhi ya siku.

Napenda marupurupu kuliko haki au faida kwa sababu neno hili linabeba na udhaifu wake. Marupurupu hutolewa juu ya mshahara na huondolewa bila mshahara kuguswa. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Basi la bure kutoka uwanja wa ndege wa Orlando, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa sababu kubwa ya watu kulala ndani, lilisitishwa Januari 2022. Mwaka 2018 hoteli hizo zilianza kuwatoza wageni wake maegesho ya usiku, na Januari 2023 zikaacha. Mwenye kulala ndani kwa ajili ya marupurupu aangalie orodha ya mwaka huu, asitegemee simulizi la shemeji aliyekwenda mwaka 2019.

Upande wa madaraja kuna mtego wa tafsiri. Disney hugawa hoteli zake kwa ngazi, na ngazi ya chini kabisa imepewa neno ambalo likiletwa kwetu moja kwa moja linakuwa thamani. Kwa Mswahili, chumba cha thamani ni chumba ghali. Kito cha thamani hakiuzwi kwa bei ya kutupa. Mfasiri anayeandika hoteli za thamani anamwambia msomaji kinyume cha kilichokusudiwa. Ni hoteli za bei nafuu, basi, na juu yake za wastani, kisha za anasa.

Sasa bei yenyewe. Ukiwa sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, ukauliza bei ya mwisho, umeomba ishuke. Muuzaji ametaja elfu arobaini, nawe unataka kujua atakapoishia, na nyote mnajua ataishia chini. Mwisho wa bei, katika Kiswahili cha soko, ni mahali pa chini. Orlando mwisho wa bei uko juu. Bei inayotangazwa ndiyo ndogo kuliko zote utakazoziona, na kila hatua kuelekea kulipa inaongeza kitu. Ndiyo maana naonya dhidi ya kuuliza bei ya mwisho kwa mazoea ya kwetu, na pia dhidi ya bei ya jumla, kwa kuwa jumla kwetu ni kununua katoni nzima. Ningependa tushike bei kamili, kwa maana ya kila kitu ambacho huwezi kukwepa kukilipa.

Vitu hivyo vinahitaji majina tofauti. Kodi inatuchanganya, maana kodi ya nyumba ni anayopewa mwenye nyumba na kodi ya mapato ni inayokwenda serikalini. Kwa hoteli tuseme pango kwa bei ya chumba, na kodi iachiwe serikali. Kisha kuna lile kato la hoteli, linalotajwa kuwa ni la intaneti, bwawa na taulo, ambalo hoteli nyingi za nje hulidai kila usiku uwe umeoga au hukuoga. Wapo wanaoliita ada. Mimi nakataa. Ada katika Kiswahili ina sura ya desturi na makubaliano: kungwi ana ada yake, mganga ana yake, na anayetoa anajua anatolea nini. Kato hili ni tozo, kutoka kutoza, yaani kumfanya mtu atoe. Watanzania walilijua neno hilo vizuri mwaka 2021, tozo za miamala ya simu zilipoanza, na ladha yake bado iko mdomoni.

Tupige hesabu ya mfano. Chumba cha nje, Kissimmee, pango dola 150 kwa usiku, tozo dola 30: jumla 180. Kodi za kaunti ya Osceola ni asilimia 13.5, nazo huhesabiwa juu ya tozo pia, kwa hiyo 204 na senti 30. Asubuhi mnakwenda bustanini, maegesho dola 30: mmefika 234. Chumba cha ndani chenye pango la dola 200, kaunti ya Orange, ambako kodi ni asilimia 12.5, kinaishia 225. Kilichoonekana rahisi kwa dola 50 kimekuwa ghali kwa dola 9. Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani inazilazimisha hoteli kutaja tozo ya lazima ndani ya bei inayotangazwa, kwa hiyo chumba kile sasa sharti kitangazwe kwa 180. Ni ushindi mkubwa kwa mlaji. Lakini kodi na maegesho bado vinaruhusiwa kubaki nje ya tangazo.

Kiingilio nacho hakitulii. Mwaka 1971 mtu mzima aliingia Magic Kingdom kwa dola 3.50, akanunua na kuponi za michezo. Tangu Oktoba 2018 bei ya tiketi hutegemea tarehe, na Desemba 2022 siku moja Magic Kingdom ilifika dola 189. Watu wetu husema ni msimu. Msimu ni neno kubwa, la pepo za kaskazi na kusi, la miezi. Hapa Jumanne na Jumamosi za wiki moja zinatofautiana, basi tuiite bei ya tarehe.

Hukumu yangu ni hii. Wazazi wawili na watoto wawili, wa siku chache, wasio na gari, walale ndani katika hoteli za bei nafuu, marupurupu yatawalipa. Lakini familia zetu mara nyingi huja na bibi, mjomba na binamu. Vyumba vingi vya bei nafuu huchukua watu wanne. Wanane ni vyumba viwili, na kila kitu nilichokitaja kinazidishwa mara mbili isipokuwa maegesho. Hao wakapange nyumba nzima Kissimmee au Davenport, yenye jiko la kupikia pilau, na wavumilie kuamka mapema.

Basi, ndugu yangu uliyeko Dallas au Toronto, kabla hujatoa namba ya kadi, andika kwa Kiswahili mistari mitano: pango, tozo, kodi, maegesho, kiingilio cha tarehe. Jaza kila mstari kwa hoteli ya ndani na ya nje, jumlisha, kisha umtumie na mwenzako anayepanga safari. Nanyi mnaoandika na kutafsiri Kiswahili huko ughaibuni, yatumieni maneno haya au toeni yaliyo bora kuliko haya, maana safari hizi zinalipwa kwa fedha za zamu za usiku.