Neno "Diwani": Kutoka Daftari Hadi Siwa

Shikeni kalamu zenu.

Mwanafunzi wetu mmoja ameuliza swali zuri. Ameona kitabu cha mashairi kiitwacho Diwani ya Mnyampala. Naye kwao anaye diwani, mtu aliyempigia kura aisemee kata yake katika halmashauri. Anauliza, imekuwaje kitabu na mtu waitwe jina moja?

Kitabu ndicho cha kwanza. Mtu amekuja baadaye sana.

Asili ya neno ni Kiajemi, na maana yake ilikuwa daftari la serikali, lenye hesabu na majina. Ibn Khaldun ametaja hadithi ya mfalme wa Uajemi aliyewakuta makarani wake wakipiga hesabu huku wakisema peke yao, akawaita wendawazimu, kwa Kiajemi "diwana". Chekeni, lakini msiiandike kuwa ndiyo asili. Wataalamu wa lugha hulihusisha neno hili na maandishi, si na wazimu.

Waarabu wakalichukua. Yapata mwaka 641 Khalifa Umar bin al-Khattab aliweka diwani mjini Madina, yaani orodha ya watu waliostahili fungu katika mali iliyoingia kutoka Sham, Iraki na Misri. Aliyetangulia kusilimu, au aliyekuwa karibu na Mtume kwa nasaba, alipata zaidi. Na ambaye jina lake halikuandikwa? Huyo hakuwa na fungu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya neno hili, nanyi lishikeni jambo hilo.

Kisha neno likahama polepole. Afisi ya kuwekea daftari ikaitwa diwani, halafu idara nzima, halafu baraza la wakubwa, kama lile la masultani wa Kituruki. Hata Wafaransa wakiita forodha "douane", neno ni hili hili. Washairi nao wakaliita diwani kusanyo la mashairi ya mtunzi mmoja.

Pwani yetu ilikwenda mbali zaidi, maana huku jina la baraza lilimwangukia mtu. Vumba Kuu, karibu na Vanga, mtawala mwenyewe ndiye aliyeitwa Diwani. Hakutawazwa bure: sharti awalishe watu karamu kubwa, ndipo apigiwe siwa. Katika miji ya Mrima, kama Pangani na Bagamoyo, madiwani na majumbe ndio waliokuwa wakubwa wa mji. Karne ya 19 Sultani wa Unguja aliwaweka maliwali juu yao. Wakaja Wadachi, na ukubwa ule ukazidi kupungua.

Neno lenyewe halikufa. Lilirudi katika serikali za mitaa. Kenya ilikuwa na madiwani mpaka mwaka 2013, walipokuja wawakilishi wa wadi. Tanzania Bara mabaraza ya wilaya yaliondolewa mwaka 1972, na sheria ya mwaka 1982 ikayarudisha.

Diwani wa leo hapigiwi siwa. Lakini halmashauri inapopitisha makadirio ya fedha, yeye yumo kikaoni, na zahanati ya kata yake ama imeandikwa humo, ama haikuandikwa.

Swali la kujibu kwa maandishi: katika kata yako, ni jambo gani limeandikwa mwaka huu, na ulilijuaje?

Juma lijalo tutalichukua neno "liwali". Kwaherini.